UZI: Kabla kanjo hajapaka namba kwa geti yako

1/ Kila mdahalo kuhusu kaunti una watu wawili. Wa kwanza: "Mbona nyumba zetu hazina anwani?" Wa pili: "Mnataka kutuhesabu mtufanye nini?" Watu humcheka wa pili. Mimi naona wote wawili wana hoja, na ukitaka kujua kwa nini, lazima urudi nyuma zaidi ya miaka 100. Twende polepole.

2/ Tuanze na wa kwanza. Mgonjwa amezidiwa saa nane usiku, unamwelekeza dereva wa ambulensi: "Shukia steji, pita kwa mama mboga, geti nyeusi, uliza keateka." Anwani yetu rasmi ni sanduku la posta. 00100 inasema barua yako iko Nairobi GPO. Haiwaambii wazima moto ni nyumba gani inaungua.

3/ Kwa hivyo kaunti ikisema itapa barabara majina na nyumba namba, hiyo ni kazi ya maana. Hapo hatubishani. Lakini namba ni ya nyumba. Ikiwa fomu inauliza pia jina, kitambulisho, simu na mnalala wangapi humo ndani, tumeshatoka kwa anwani. Tumeingia kwa orodha ya watu. Na orodha za watu zina historia hapa kwetu.

4/ 1901: mkoloni analeta kodi ya nyumba. Si rent ya landilodi. Kila kibanda kilihesabiwa na kulipiwa. Watu walifanya nini? Walijazana kwa vibanda vichache ili hesabu ipungue. 1910 sheria ikapanuliwa: hata mwanamume asiye na kibanda akatozwa kodi ya kichwa. Somo la kwanza tulilofunzwa na serikali: mtu akija kuhesabu milango, ficha mlango.

5/ Halafu kipande. Sheria ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukitoroka kazi, rekodi inakufuata. Ndiyo maana hadi leo wengine huita kitambulisho "kipande".

6/ Sasa weka orodha na nyumba pamoja. Aprili 1954, Operesheni Anvil: wanajeshi na polisi walizingira Nairobi, wakapita mtaa kwa mtaa wakikagua karatasi za watu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa, zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini. Swali halikuwa "umefanya nini?" Lilikuwa "wewe ni nani, na unaishi wapi?"

7/ Utasema hayo ni ya mkoloni. Sawa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walikufa. Wengi walifuatwa majumbani mwao. Kwa Kenya, jina mara nyingi linataja kabila. Kwa hivyo faili inayosema "nyumba namba fulani, jina fulani" si karatasi ya kawaida. Mahali pengine ni taarifa. Hapa, mwaka mbaya ukifika, ni ramani.

8/ Na korti zetu zimeliona hilo. Mwisho wa 2018 sheria ya usajili wa watu ilibadilishwa ili serikali iweze kukusanya DNA na vipimo vya GPS vya makazi yako. Hiyo ndiyo safari ya Huduma Namba. Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema DNA na GPS ni kuingilia faragha bila sababu ya kutosha. Zikaondolewa. Yaani mahali unapolala pamewekwa kapu moja na damu yako.

9/ Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikarudi tena: kadi za Huduma zilianza kutolewa kabla ya kupima athari zake kwa data ya watu, na hilo ni kinyume cha sheria. Mwaka huo huo Wakenya wengi waligundua wameandikishwa kama wanachama wa vyama vya siasa bila kuulizwa. Namba yako ya kitambulisho inasafiri kuliko wewe.

10/ Sheria yenyewe inasema nini? Kifungu cha 31 cha Katiba: taarifa zako binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inabana ofisi za umma pia, kaunti ikiwemo. Wakuambie wanachukua nini, kwa sababu gani na watampa nani. Wachukue kinachohitajika tu. Una haki ya kuona rekodi yako na kurekebishiwa makosa. Data ikivuja na kuna hatari ya madhara, Kamishna wa Data aambiwe ndani ya saa 72.

11/ Hapa watu hukosea kwenye mdahalo. Wanasema: "Kaunti haiwezi kuchukua data yangu bila ruhusa." Inaweza. Sheria inaruhusu ofisi ya umma kufanya kazi yake halali bila kusubiri sahihi yako. Kwa hivyo usipigane na ruhusa, utapigwa. Pigana na kiasi: kazi ya anwani inahitaji jina langu kwa nini?

12/ Jibu rahisi ni faili mbili. Ya kwanza: namba, barabara, mahali. Iwe wazi kwa ambulensi, boda, posta, kila mtu. Ya pili: majina ya wanaolipa rates au maji. Ibaki kwa idara husika, imefungwa, na kila anayeifungua aache jina lake. Mpangaji hana sababu ya kuwa kwa faili ya anwani. Leo yuko hapa, mwezi ujao amehama. Nyumba haihami.

13/ Siku ya kikao cha maoni ya umma, nenda na maswali haya:
– Tathmini ya athari za data imefanywa? Tuioneni.
– Fomu ina vipengele vingapi, na kila kimoja ni cha nini?
– Data inakaa kwa kompyuta ya kaunti au ya kampuni iliyopewa tenda?
– Mkataba ukiisha, kampuni inabaki na nini?
– Chifu, polisi au mgombea akiomba majina, nani anaamua?

14/ Kwa hivyo yule wa pili kwenye mdahalo hana uchizi. Babu yake alihesabiwa akatozwa. Baba yake aliulizwa karatasi. Yeye mwenyewe ameona alama ya X ikipakwa ukutani, na wiki chache baadaye tingatinga. Ukitaka akubali namba kwa geti, usimwambie anaogopa teknolojia. Mwonyeshe fomu isiyo na jina lake.