Onyesho la Muziki Mtakatifu Kanisani: Mwongozo kwa Kwaya za Ufukwe wa Ziwa Nyasa

Katika vijiji vya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia Matema hadi Lyulilo na Ikombe, uimbaji wa kanisani ni urithi wa Wakristo wa madhehebu yote. Wamisionari wa Moravian na wale wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, nao walikuja na tenzi za sauti nne. Waamini Wakatoliki wa ufukwe huu, walio sehemu ya Jimbo Kuu la Mbeya, wanaishi katikati ya majirani wenye mapokeo hayo. Si ajabu basi kwamba wanakwaya wetu nao hutamani siku moja kuimba nje ya Misa, wakiwa watu wachache walioandaa nyimbo chache kwa uangalifu, na watu wakakaa kuwasikiliza. Maswali hufuata mara moja. Je, inaruhusiwa kufanya hivyo ndani ya kanisa? Nani anatoa ruhusa? Tuimbe nini? Na je, tuuze tiketi?

Mama Kanisa amekwisha kuyajibu maswali haya. Tarehe 5 Novemba 1987, Idara ya Ibada ya Vatikano ilitoa waraka mahususi juu ya maonyesho ya muziki makanisani. Waraka huo umejengwa juu ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, kanuni ya 1210, inayoelekeza kwamba mahali patakatifu patumike kwa yale yanayohudumia ibada, uchaji na dini, huku Askofu akiwa na mamlaka ya kuruhusu matumizi mengine kwa tukio mojamoja, mradi yasipingane na utakatifu wa mahali penyewe. Kanisa, kwa maneno mengine, si ukumbi wa mikutano ambao Jumapili hugeuka kuwa nyumba ya sala. Ni nyumba ya sala siku zote saba, hata wakati hakuna ibada inayoadhimishwa.

Waraka unatofautisha muziki wa aina mbili unaoweza kusikika katika onyesho la namna hii. Aina ya kwanza ni muziki mtakatifu, yaani ule uliotungwa kwa ajili ya Liturujia lakini ambao, kwa urefu wake au kwa sababu nyingine, hauwezi kuimbwa katika adhimisho lenyewe. Aina ya pili ni muziki wa kidini, uliochota maneno yake katika Maandiko au Liturujia, au unaomtaja Mungu, Bikira Maria, watakatifu na Kanisa, lakini haukutungwa kwa ajili ya Misa. Nje ya aina hizo mbili, mlango umefungwa, hata kwa muziki mzuri kupindukia. Simfoni inaweza kumtoa mtu machozi na bado isiwe na mahali kanisani, kwa kuwa haikuzaliwa na imani. Wimbo wa harusi unaopendwa na kijiji kizima nao uko katika hali hiyohiyo.

Afrika yetu ina mifano ya aina zote mbili. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya na kuandaa pamoja na waimbaji wake Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyovikwa mahadhi ya Kikongo. Iliimbwa katika ibada, kisha kwaya hiyohiyo ikaipeleka Ulaya katika kumbi za maonyesho. Nchini Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, nao wakatangazwa watakatifu mwaka 1964. Oratorio ni simulizi takatifu linaloimbwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuigizwa. Haina nafasi katika Misa, bali mahali pake hasa ni onyesho. Hapa kwetu Tanzania, Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Sacrosanctum Concilium, ulielekeza kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni uthaminiwe na upewe nafasi yake.

Tukirudi ufukweni, mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya makanisa makuu yenye ogani na kwaya za watu mia, nasi tuna kigango chenye mabenchi machache. Sisi tunaona kinyume chake. Upo muziki uliotungwa makusudi kwa ajili ya wachache, ambao wazungu waliuita muziki wa chumbani kwa sababu ulipigwa sebuleni, kila sehemu ikibebwa na mtu mmoja tu. Waimbaji wanne, mmoja kwa kila sauti, wanaijaza nafasi ndogo bila kipaza sauti wala umeme. Hapo kosa la sauti ya tatu halijifichi nyuma ya watu thelathini, lakini pia maneno yanasikika, jambo ambalo, tuseme kweli, si la kawaida tena katika kwaya nyingi zilizozoea spika. Kama kinanda cha umeme kipo, basi kiambatane na sauti, na ile midundo ya ngoma iliyorekodiwa ndani yake izimwe. Ngoma halisi, ikipigwa na mtu halisi, ni jambo jingine kabisa.

Nyimbo zenyewe hazikosekani. Kwaya nyingi bado zina madaftari ya zamani ya do-re-mi yaliyonakiliwa kwa mkono, ambayo mchwa na unyevu vinayamaliza mwaka hadi mwaka. Tovuti ya Swahili Music Notes nayo ina noti za watunzi wengi Wakatoliki. Waraka wa 1987 unataja wazi, miongoni mwa faida za maonyesho haya, kuhifadhi hazina ya muziki wa Kanisa isipotee. Wimbo wa Kilatini au wa Kiswahili wa miaka ya sitini ambao hauimbwi tena Jumapili unaweza kupata hapo pumzi yake ya mwisho, au ya kwanza upya. Majirani wa Moravian na Walutheri wakialikwa, mchango wao uorodheshwe katika programu kama kazi nyingine zote. Bach mwenyewe alikuwa Mlutheri, na kwaya za Kikatoliki duniani kote zinamwimba.

Taratibu za ruhusa ni hizi. Ombi liandikwe mapema, lionyeshe tarehe, saa na programu yenye majina ya kazi zote na ya watunzi wake, na lipelekwe kwa Askofu. Kwa ufukwe wetu huyo ni Askofu Mkuu wa Mbeya, na njia ya kawaida ni kupitia kwa padre paroko. Ruhusa hutolewa kwa tukio mojamoja; waraka haukubali ruhusa ya jumla kwa mfululizo wa maonyesho. Ikishapatikana, paroko hupanga na kwaya mambo yaliyobaki. Waimbaji na wapigaji ala wasikae katika eneo la altare, na altare, mimbari ya Neno na kiti cha mwadhimishaji viheshimiwe. Tumewahi kuona, mahali ambapo hatutapataja, daftari za noti na chupa za maji zikiwa zimepangwa juu ya altare kwa sababu ndiyo meza pekee iliyokuwapo. Meza iazimwe shuleni. Ekaristi Takatifu, inapohifadhiwa kanisani humo, ihamishiwe kwa heshima kwenye kikanisa cha pembeni au mahali pengine salama na panapostahili. Mavazi na mwenendo wa waimbaji na wasikilizaji vilingane na mahali. Kabla ya kila kazi pawepo maelezo mafupi yanayowasaidia watu kuingia katika maana ya kile wanachosikia, na katekista anaweza kuyatoa vizuri kuliko mwalimu wa kwaya. Mwandalizi atoe ahadi ya maandishi kubeba gharama, kurudisha mpangilio wa jengo na kulipia uharibifu ukitokea.

Limebaki suala la fedha, na hapa ndipo penye mvutano hasa. Kwaya inahitaji kinanda, sare, nauli. Kishawishi ni kuweka kiingilio mlangoni. Waraka hauna utata: kuingia kuwe bure na wazi kwa wote. Tunajua kwamba agizo hili linauma. Lakini tuifikirie Jumamosi ya Lyulilo, siku ya soko, mitumbwi ikiwa imeleta vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Mama aliyeuza chungu kimoja tangu asubuhi anapita karibu na kanisa, anasikia sauti, anaweka mzigo chini na kutaka kuingia. Akikuta kijana mlangoni ameshika kitabu cha tiketi, atabeba mzigo wake na kuondoka, na atakuwa amezuiwa kuingia katika nyumba ambayo kesho yake anaingia bila kuulizwa kitu. Onyesho la kuchangisha fedha lifanyike katika ukumbi wa parokia au darasani, ambako masharti haya ya kanisa hayagusi, na kiingilio kitangazwe wazi. Kuhusu kikapu cha sadaka ya hiari baada ya onyesho la kanisani, kwaya imuulize paroko kabla, si siku yenyewe.

Kuhusu tarehe, wengi huchagua tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki. Ni siku njema, ila Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini, na mvua ikianza kupiga bati hakuna sauti ya nne itakayosikika. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ni salama zaidi kwa waimbaji wasiotumia vipaza sauti, na saa kumi jioni soko limekwisha lakini mwanga wa kusomea noti bado upo.