Mji si ukuta

Uruk ya Sumeri tunaiita mji bila kusita. Sanga, kando ya ziwa Kisale nchini Kongo, tunaiita makaburi tu. Kweli, tangu 1957 wachimbaji wamefukua hasa makaburi, na sidai Sanga ilifikia ukubwa wa Uruk. Lakini neno mji halijawahi kudai ukuta wala maandishi. Linadai watu waliokaa pamoja kwa muda mrefu. Kati ya karne ya 10 na ya 13 wafu wa Sanga walizikwa na vyungu vizuri mno, mapambo ya shaba iliyotoka kusini, hata kauri za Bahari ya Hindi. Watoto kadhaa walizikwa na mali nyingi, dalili kwamba cheo kilirithiwa. Nyumba hazijaonekana? Miti na nyasi huoza, matofali ya Uruk yamebaki.