Mutu ananunua gari ya haibridi juu ya nini? Historia fupi, toka California mpaka Kolwezi



Siku moja tulikuwa tunaongea, sisi wachache tuliomaliza masomo pamoja, na gari moja ya haibridi ikapita karibu yetu polepole, bila kelele. Mmoja akauliza: «Mutu anayenunua gari ya vile, anainunua juu ya nini?» Mwingine akajibu mbio: «Juu ya esanse, bwana. Hakuna kingine.» Wote wakakubali, tukapita kwa maneno mengine.

Miye sikukubali. Nilirudi nyumbani na lile swali, nikaanza kusoma. Nilichopata ni hiki: ile sababu ya esanse ni ya kweli, lakini kwa miaka mingi haikuwa ya kwanza. Sababu za wanunuzi zilibadilika mara kwa mara, na mara nyingi kuko mtu aliyezitengeneza. Jambo hili linatugusa sisi kuliko tunavyofikiri.

Kwanza tuelewane. Gari ya haibridi iko na motere mbili, moja ya esanse na ingine ya umeme. Gari ikisimama kwenye taa nyekundu, motere ya esanse inazima. Shofere akikanyaga freni, ile nguvu ambayo kwa gari ya kawaida inapotea kama joto, hapa sehemu yake inarudi kwenye batri. Haibridi ya kawaida haichomekwi ukutani, inajijaza yenyewe njiani. Ndiyo maana inachunga esanse zaidi mjini, penye kusimama na kuondoka kila mara. Kwenye barabara ndefu, faida inapungua.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1900, Ferdinand Porsche, alipokuwa akifanya kazi kwa Lohner kule Vienna, alitengeneza gari iliyoitwa Semper Vivus: motere ya esanse ilizalisha umeme, na umeme ukazungusha magurudumu. Lakini gari hiyo ilikuwa nzito na ghali, na kwa miaka mingi iliyofuata esanse haikuwa shida. Ufundi ulikuwako, sababu ya kununua haikuwako. Tushike neno hilo, tutalirudia.

Wanunuzi wa kwanza

Desemba 1997, Toyota ilianza kuuza Prius kule Japani. Ni mwezi uleule mataifa yalikutana Kyoto na kupatana juu ya kupunguza moshi unaopasha dunia joto. Desemba 1999, Honda ilifikisha Insight Marekani, gari ndogo ya viti viwili. Mwaka wa 2000 Prius nayo ikafika kule, kwa bei ya karibu dola 20,000.

Sasa tuangalie bei ya esanse. Mwanzoni mwa 1999, galoni moja kule Marekani (karibu litre nne) iliuzwa karibu dola moja tu. Kwa bei ya vile, mtu angehesabu miaka mingi kabla ya kurudisha pesa alizoongeza kwa kununua haibridi. Basi waliotangulia kununua hawakusukumwa na mfuko. Wengi walikuwa watu wanaopenda ufundi mpya, au watu wenye kujali hewa na mazingira.

«Hii gari inasema mimi ni nani»

Kwenye chuo kikuu cha California kule Davis, watafiti Thomas Turrentine na Kenneth Kurani walizungumza na familia 57 juu ya magari yao yote waliyowahi kununua. Mwaka wa 2007 walitoa matokeo. Hawakupata hata familia moja iliyokuwa inahesabu gharama ya esanse kwa utaratibu. Hata moja! Watu wenye mshahara, wenye masomo, wenye kompyuta mezani, lakini hesabu ile tunayodhani kila mtu anaifanya, hakuna aliyeifanya.

Utafiti mwingine wa chuo hichohicho uliwauliza wenye haibridi wenyewe. Walieleza kwamba gari ile inawasemea. Kwa mmoja inasema anachunga mazingira, kwa mwingine kwamba anapinga vita. Wengine hawakutaka pesa zao ziende kwa nchi zinazochimba mafuta. Kumbukeni zile zilikuwa siku za vita ya Irak, iliyoanza 2003. Mwaka uleule wa 2003, wasanii wakubwa wa Hollywood walifika kwenye sherehe ya Oscar ndani ya Prius, pahali pa limuzini. Picha zilizunguka dunia nzima. Gari ndogo ya familia ikawa na heshima.

Mwaka wa 2007, gazeti la New York Times lilitoa hesabu ya kampuni moja ya utafiti wa soko, CNW. Kati ya wanunuzi wa Prius walioulizwa, asilimia 57 walisema wameinunua kwa sababu inaonyesha wao ni watu gani. Waliotaja esanse kama sababu kubwa walizidi kidogo tu theluthi moja.

Hapa umbo la gari lilifanya kazi. Honda ilikuwa na Civic ya haibridi, gari nzuri, lakini kwa macho ilikuwa Civic kama zingine. Nani angejua? Prius haikufanana na gari ingine yoyote, hata mtoto angeitambua kwa mbali. Wanauchumi wawili, Steven na Alison Sexton, walipima jambo hili kwenye majimbo ya Colorado na Washington. Walikadiria kwamba watu walikuwa tayari kuongeza kati ya dola 430 na dola 4,200, kulingana na pahali wanapokaa, ili wema wao uonekane na majirani. Pale majirani walipojali mazingira zaidi, ndipo ile pesa ilipanda.

Tusiwacheke. Nani kati yetu hajawahi kununua telefone, kiatu ao suti ya kolasyo kwa sababu ya macho ya watu?

Sababu zilizotengenezwa na leta

Leta ya Marekani iliona kwamba nia njema peke yake haitoshi. Toka mwanzo wa 2006, aliyenunua haibridi mpya alipunguziwa kodi. Kwa Prius punguzo lilikuwa dola 3,150. Lakini kila kampuni ilipofikisha magari 60,000, punguzo lilianza kushuka mpaka likaisha. Toyota ilifika pale mbio, na toka Oktoba 2007 mnunuzi wa Prius hakupata tena kitu.

California iliongeza jambo ingine. Kwenye barabara zake kubwa kuko njia iliyotengwa kwa magari yenye abiria zaidi ya mmoja. Toka 2005, gari za haibridi zenye kula esanse kidogo zilipewa karatasi ya kubandika, na mwenye nayo alipita njia ile hata akiwa peke yake. Karatasi 85,000 zilitolewa, kisha zikaisha. Kwa nini watu walizigombania? Saa moja ya foleni asubuhi, saa moja jioni, kila siku ya kazi: mtu aliyepita bila kusimama alirudishiwa muda wa maisha yake. Gari ya okazyo yenye karatasi ile iliuzwa bei ya juu kuliko dada yake isiyo nayo. Tarehe 1 Julai 2011 ruhusa ile ikakoma.

Na ile esanse tuliyoanza nayo? Zamu yake ilifika. Julai 2008 pipa la petroli lilipanda mpaka dola 147, na galoni kule Marekani ikapita dola 4. Hapo watu walipanga mstari kungoja haibridi. Mwisho wa mwaka uleule bei ilianguka, na mauzo ya haibridi nayo yakaanguka. Kwa hiyo rafiki yetu hakusema uongo. Esanse ni sababu, lakini inapanda na kushuka pamoja na bei.

Gari ikibadili mikono, sababu inabadilika

Gari haifi kwa mnunuzi wa kwanza. Muangalie Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Kule Prius za okazyo toka Japani zilijaa barabarani. Je, watu wa kule walitaka kuonyesha wema wao? Leta yao iliziondolea haibridi kodi fulani, kwa hiyo bei ilikuwa rahisi. Halafu kule baridi inashuka chini ya digrii 30 za barafu, na watu waliipenda Prius kwa sababu asubuhi inawaka pale gari zingine zinakataa. Ni gari ileile iliyobeba wasanii wa Hollywood, ila sababu ni ingine kabisa.

Na kwetu? Mashariki na Katanga, gari nyingi ni za okazyo toka Japani, usukani ku kuume, zinapitia Dar es Salaam. Haibridi ziko ndani yake. Tufanye ile hesabu ambayo familia 57 hazikuifanya. Ni mfano tu, kila mtu aweke bei za mji wake.

Tuseme gari ya kawaida inakula litre 9 kwa kilomita 100 na haibridi inakula 5. Tuseme haibridi inazidi bei kwa dola 2,000, na litre ni dola moja na nusu. Shofere wa taksi anayetembea kilomita 150 kwa siku anachunga litre 6, yaani dola 9. Kwa siku za kazi 222 hivi amerudisha pesa yake. Lakini mfanyakazi wa ofisi anayetembea kilomita 20 kwa siku anachunga dola 1.20. Yeye atangoja siku karibu 1,670, yaani miaka minne na nusu, hata kama anaendesha kila siku. Na batri ya gari ya okazyo imeshazeeka toka Japani. Ikikufa kabla ya miaka ile, na kama hakuna fundi anayeijua mjini kwenu, hesabu yote imevunjika. Kabla ya kununua, uliza kwanza batri, kisha fundi, kisha rangi.

Na Kolwezi inaingia wapi?

Mei 1978, wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji walitumwa. Wazee wetu wanaikumbuka ile vita kwa maiti na kwa kukimbia. Dunia ya viwanda iliikumbuka kwa kitu kingine: Zaire ndiyo iliyokuwa inatoa kobalti nyingi kuliko nchi zote, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa.

Wakati ule sumaku zenye nguvu zaidi zilitengenezwa kwa samari na kobalti. Waliozinunua waliogopa, na watafiti wakatafuta njia ya kuikimbia kobalti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masato Sagawa kule Japani na John Croat wa General Motors kule Marekani, kila mtu kwa njia yake, walipata sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Ilikuwa na nguvu zaidi, na haikuhitaji kobalti. Sumaku ya namna ile ndiyo iko ndani ya motere ya umeme ya Prius.

Ndani ya gari ile basi kuko alama mbili za kwetu. Kwenye batri yake ya zamani ya nikeli kulikuwa na kobalti kidogo, na batri nyingi za lityumu zilizofuata nazo zinaitumia. Kwenye motere kuko pahali ambapo kobalti ilikimbiwa. Mara moja tuliitwa, mara moja tuliachwa, na mnunuzi wa California hakujua lolote. Kati ya zile sababu zote alizowaambia watafiti wa Davis, sikuona hata moja iliyomtaja mchimbaji wa Kolwezi.

Hapa ndipo swali la siku ile linakuwa letu. Februari 2025 leta ya Kongo ilisimamisha kutoa kobalti inje ya nchi ili bei ipande, na Oktoba ikaweka kiasi kwa kila kampuni. Huenda ni haki, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Lakini 1978 inatuonya: mnunuzi akiogopa, anatafuta kingine. Leo tayari kuko batri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata kidogo.

Sisi tuliosoma tunajua kuhesabu tani zinazotoka Lubumbashi na Kolwezi. Tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya udongo, juu ya mikataba, juu ya kodi. Ni kazi nzuri. Lakini ni wachache wanaosoma mnunuzi wa mwisho: anataka nini, anaogopa nini, na ni nani anayemtengenezea sababu. Semper Vivus ilikosa sababu, ikalala miaka karibu mia. Punguzo la kodi na karatasi ya kubandika zilijaza barabara za California. Mwenye kuuza bila kujua sababu ya mnunuzi ni sawa na shofere anayeendesha usiku bila taa.

Wanafunzi wa uchumi, wa jeolojia na wa sheria mnaosoma hapa, somo liko wazi na bado halijajaa watu. Na rafiki yangu wa lile jibu la mbio, nakuuliza tena: ungekuwa na zile pesa, ungeinunua juu ya nini? Jibu kweli, halafu uhesabu.