Namba 144,000 na Mchungaji wa Lochau

Baada ya ibada moja hapa Sola, bibi mmoja mkulima wa pamba alinisubiri mlangoni. "Mchungaji, nasikia mbinguni wataingia watu 144,000 tu. Sasa sisi je?"

Hakuwa anatania. Kwa sensa ya 2022, Simiyu peke yake ina watu 2,140,497. Hata tungepewa nafasi zote sisi, angeingia mmoja tu kati ya kumi na watano hivi.

Tukakaa tuitazame namba yenyewe. Ni 12 mara 12 mara 1,000. Ukiivunja mpaka mwisho, unabaki na namba tasa tatu tu, 2, 3 na 5, ndiyo maana inagawanyika bila baki kwa namba 96 tofauti. (Kwa 7, namba inayopendwa mno na Ufunuo, haigawanyiki, hubaki 3.) Watu wakihesabiwa kweli, namba hutoka na 497 mwishoni, kama yetu. Lakini katika Ufunuo 7 kila kabila lina 12,000 kamili, hakuna lililozidi hata mtoto mmoja. Ni mpangilio wa jeshi, kama katika Hesabu 31, ambako kila kabila lilitoa watu 1,000 kwenda vitani. Tena Yohana aliisikia tu namba hiyo. Alipotazama, katika mstari wa 9, aliona umati usiohesabika.

Bibi akauliza kama sisi Walutheri hatujawahi kukosea katika mambo ya namba. Tumewahi, na aliyekosea alikuwa mchungaji. Michael Stifel, mtawa wa Augustino kama Luther na rafiki yake, alihudumu Lochau, Ujerumani. Aligeuza herufi za Maandiko kuwa tarakimu, akajumlisha, akatangaza kwamba Bwana angerudi tarehe 19 Oktoba 1533, saa 2 asubuhi. Luther alimkanya, hakusikia. Wakulima waliacha mashamba, wakala na kunywa akiba zao. Saa 2 ikafika, ikapita. Stifel akakamatwa na kupoteza usharika wake.

Mimi simcheki sana. Alijua hesabu kuliko sisi wachungaji wote wa leo: mwaka 1544 alichapisha Arithmetica Integra, kitabu kinachoheshimiwa katika historia ya hisabati. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kila namba katika Biblia ni tarehe au idadi iliyofichwa. Luther na Melanchthon walimwombea, na mwaka 1535 akapewa usharika mwingine, Holzdorf.

Bibi alisikiliza yote hayo kimya. Habari za kitabu hazikumgusa. "Na hao wakulima wa Lochau," akauliza, "msimu uliofuata walipata wapi mbegu?"