Mazda MX-5: paa la turubai au paa gumu?

Jamaa zangu wa Mombasa na Malindi huniuliza suala hili kila waonapo MX-5 iliyotumika inauzwa kutoka Japani, ambako huitwa Roadster. Mimi naishi Matungu, Kakamega, ambako mvua ya alasiri haibishi hodi. Hata hivyo nachagua turubai.

Turubai hufunguliwa kwa mkono ukiwa umekaa kitini. Toleo la RF, lililozinduliwa 2016, lina paa gumu linalojikunja kwa umeme kwa sekunde 13, mwendo usipozidi kilomita 10 kwa saa. Nguzo za nyuma hubaki zimesimama, kwa hivyo hupati uwazi kamili. Limezidi uzito kwa kilo 45 hivi. Sifa yake ni utulivu ndani, na wembe wa mwizi hauliwezi.

Turubai likichakaa kwa jua, fundi wa viti vya magari aweza kulishona. Mota za RF zikifa, ni vipuri vya kuagiza, na bei yake haina huruma.

Lolote utakalo, kabla ya kulipa inua zulia uguse sakafu. Mifereji ya paa ikiziba, maji hutuama hapo chini. Huko kwenu, pamoja na chumvi ya bahari, kutu haikawii.