Kusawazisha si kuhifadhi

Ukiiweka simu au kompyuta yako kwenye Kiswahili, utakutana na maneno mawili yanayokaa jirani mno: hifadhi na sawazisha. Hifadhi ya Google ndilo jina la Kiswahili la Google Drive. Kusawazisha ndiyo kazi ambayo huduma hiyo, pamoja na Dropbox, OneDrive na nyinginezo, inaifanya kutwa kucha. Anayetunza picha za harusi anaweza kuyachanganya maneno hayo miaka na miaka bila kudhurika. Lakini chukua timu inayotengeneza kitabu cha watoto: mchoraji yuko Mwanza, msanifu kurasa Nairobi, mhariri Zanzibar, na wote wanafanyia kazi folda moja. Hao wakiyachanganya, kitabu kizima kinaweza kupotea.

Kwa maana ya kompyuta, kusawazisha ni kuhakikisha folda fulani ina vitu vilevile kila ilipo, yaani kwenye mashine ya kila mwanatimu na kwenye seva. Kuna programu ndogo inayofanya kazi kimyakimya wakati wewe unachora. Faili likibadilika, inaligawa vipande, inakipa kila kipande alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, kisha inalinganisha alama hizo na zile zilizoko kwenye seva. Vipande vyenye alama mpya ndivyo vinavyopakiwa, vingine vinaachwa. Dropbox, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, hutumia vipande vya hadi megabaiti 4. Hapo bando linapona.

Shida ni kwamba mafaili ya usanifu yana tabia zake. Mengi hubanwa yanapowekwa kwenye diski ili yasile nafasi. Ukibadilisha rangi ya kitu kidogo, mbano unafanyika upya, na mpangilio wa faili unaweza kuvurugika kuanzia hapo mpaka mwisho. Programu ikitazama inaona vipande karibu vyote ni vipya, basi inavipakia karibu vyote. Faili la gigabaiti 1.2, kwenye laini inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, huchukua dakika 32 (baiti moja ni biti 8, na wauza vifurushi hawana haraka ya kukukumbusha hilo). Hizo ni dakika 32 za laini tupu, bila mtoto anayetazama katuni chumba cha pili.

Neno lenyewe, kusawazisha, mimi nalipenda, ila linahitaji kusomwa vizuri. Wengi tumelizoea kwa watangazaji wa mpira: timu iliyokuwa nyuma imesawazisha, aliyekuwa chini amepanda, na aliyetangulia hakunyang'anywa bao lake. Fundi anayesawazisha kiwanja hafanyi hivyo. Yeye hukata kichuguu kwa jembe ili ajaze shimo. Kompyuta inasawazisha kama fundi, maana kwake kufuta nako ni badiliko, na badiliko lazima lifike kwa kila mtu. Wako wanaopendelea kulandanisha. Si neno baya, lakini linanionyesha vitu vinavyofanana tu, jembe silioni.

Jembe hilo hufanya kazi hivi. Msanifu kurasa wa Nairobi anaona laptopu yake imejaa. Ndani ya folda ya pamoja kuna folda ndogo yenye michoro asilia, gigabaiti kadhaa, na yeye keshazipanga kurasa zake. Anaifuta huku akijiambia kwamba si iko kwenye wingu. Anachofuta ni nakala yake, kwa mawazo yake. Kumbe programu imepokea agizo: folda hii haipo tena. Seva inaiondoa, Mwanza inaiondoa, Zanzibar inaiondoa. Mchoraji aliyekuwa anapata chai anarudi na kukuta folda ya kazi ya miezi mitatu haipo.

Bado kuna nafasi ya kujiokoa. Kwenye Hifadhi ya Google vilivyofutwa hukaa kwenye tupio siku 30 kabla havijaondolewa kabisa, na akaunti ya bure ya Dropbox nayo hutoa siku 30 za kurudisha. Mchoraji akipiga kelele siku hiyohiyo, kila kitu kinarudi. Hasara huja pale ambapo hakuna aliyegundua, kitabu kikachapwa, na baada ya miezi sita mchapishaji akaomba jalada lirekebishwe kwa toleo la pili.

Kisa cha pili kinahusu faili moja lililofunguliwa na watu wawili. Mchoraji na msanifu wamefungua jalada asubuhi hiyohiyo. Mmoja anabadili anga, mwingine anasogeza jina la mwandishi. Wote wanabonyeza hifadhi. Programu ya kusawazisha haijui kuchora, kwa hiyo haiwezi kuchukua anga la huyu na jina la yule ikaviweka pamoja. Dropbox hubakiza faili moja na jina lake, na la pili huliandika jina jipya lenye kuonyesha nani kaligusa na tarehe gani. Hili la pili sijaona likipewa jina la Kiswahili. Napendekeza nakala kinzani, kwa sababu haidai kuwa moja ni sahihi na nyingine ni kosa. Inasema tu zimepingana, mtu aje aamue. Figma, iliyotoka kwa umma mwaka 2016, ilikwepa tatizo hili kwa kutowapa watu nakala za kusawazishwa. Faili liko kwenye seva, nyote mnaingia humo kwa kivinjari na kuona vishale vya wenzenu vikitembea. Huko neno linalofaa ni kuhariri pamoja. Bei yake ni kwamba intaneti ikikatika, unakwama mapema zaidi.

Faili la kupanga kurasa, kama la InDesign, nalo lina mtego wake. Mara nyingi halibebi picha ndani yake; linabeba anwani za mahali picha zilipo. Msanifu akichukua picha kutoka kwenye eneokazi la mashine yake, nje ya folda ya pamoja, faili litasawazishwa bila kasoro na mhariri wa Zanzibar atalifungua akute viungo vimekatika. Programu ya kusawazisha haina kosa hapo: iliambiwa ilinde folda, na picha haikuwamo.

Kuhusu wingu sina mengi. Ni mchoro wa wahandisi, waliochora wingu kila walipotaka kuonyesha mtandao bila kueleza kilichomo, nasi tukatafsiri mchoro. Wingu lenyewe liko ardhini na baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Siku kama hiyo, mwenye mafaili kwenye diski yake anaendelea na kazi, na yatasawazishwa laini ikirudi. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kusawazisha, na si haki kuinyamazia.

Sasa kuhifadhi kwa maana inayostahili jina hilo. Kiswahili kina nakala rudufu: nakala iliyochukuliwa siku fulani, ikawekwa kando, isiyojali umefuta nini leo. Kanuni inayohusishwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh inataka nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali na nyingine. Folda iliyosawazishwa kwenye laptopu tatu mtu ataihesabu kuwa nakala tatu. Mimi naihesabu moja, kwa kuwa kidole kimoja kinazifuta zote.

Kwa timu yetu ya kitabu, kinachotosha ni diski ya nje kwa mtu mmoja, inayonakiliwa kila sura ikikamilika na kuchomolewa. Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kunakili. Huduma hizi siku hizi huonyesha kwenye kompyuta mafaili ambayo hayako humo. Unaona jina na picha ndogo, lakini faili lenyewe liko kwenye seva mpaka ulifungue. OneDrive ilileta utaratibu huo mwaka 2017. Ukinakili folda ya namna hiyo huku intaneti imekatika, kunakili kutagoma au kutaacha mapengo. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya folda, chagua ibaki kwenye kifaa hiki wakati wote, subiri alama za wingu zigeuke kuwa alama za tiki, kisha ndipo uchomeke diski.