Shule Ikifungwa Desemba, Mtoto Anasoma Nini?

Historia za shule za misheni nchini Tanzania huandikwa kutoka ndani ya darasa. Zinataja mwaka shule ilipofunguliwa, shirika lililoifungua, wanafunzi waliokuwamo na wachache kati yao waliopanda vyeo baadaye. Lakini kwa anayetaka kujua kama somo la kusoma lilishika, darasa ni shahidi dhaifu. Humo mtoto husoma kwa sababu mwalimu amesimama mbele yake na fimbo haiko mbali. Shahidi wa kuaminika zaidi ni Desemba. Shule imefungwa, ripoti imeshafika nyumbani, na katika nyanda za Songea mvua imekwisha kuanza, kwa hiyo mikono yote inahitajika shambani kupanda mahindi na kupalilia. Hakuna anayemdai mtoto asome chochote mpaka Januari. Akisoma katika majuma hayo, anasoma kwa sababu ana kitu cha kusoma na kuna mtu anayehitaji kumsikia. Nitadai hapa kwamba nguvu na udhaifu wa shule za msingi za Kikatoliki katika kufundisha kusoma vilitokana na hayo mawili zaidi kuliko mbinu za ufundishaji, na kwamba ndiyo maana likizo ya mwisho wa mwaka inatueleza mengi ambayo daftari la mahudhurio halielezi.

Mwanzoni likizo yenyewe haikuwapo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliowakusanya walikuwa wametoka utumwani. Hawakuwa na kwao pa kurudi mwaka ukiisha. Misheni ndiyo iliyokuwa nyumba, shamba, karakana, kanisa na shule. Hali ilibadilika wamisionari walipoingia bara na kukuta watoto wenye baba, mama na ng'ombe wa kuchunga. Wabenediktini wa St. Ottilien walianza Pugu mwaka 1888, wakavamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, kisha wakaelekea kusini: Lukuledi mwaka 1895, Peramiho mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906. Katikati ya safari hiyo vikaja vita vya Maji Maji, na mwaka 1905 Askofu Cassian Spiss akauawa njiani pamoja na wenzake, na vituo kadhaa vikateketezwa. Baada ya vita hivyo shule ndogo za vijijini ziliongezeka kwa kasi. Mara nyingi zilikuwa kibanda cha nyasi, viti vya miti iliyolazwa, ubao mmoja na katekista aliyefunzwa kwa muda mfupi. Masomo yalikuwa silabi, nyimbo, na maswali na majibu ya katekisimu. Mwaka wa shule ya namna hii ulifuata sikukuu kuliko tarehe za ofisini. Ilipokaribia Noeli, watu wa vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, walifunga safari kwenda kituo kikuu, wakalala huko siku kadhaa, wakaungama, wakasikiliza Misa ya mkesha, na baadhi yao wakabatizwa. Mtihani mkubwa ulikuwa kusimama mbele ya padre na kujibu aliyofundishwa.

Hapa ndipo lawama ya kwanza inapoingia, na ni lawama nzito. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, pamoja na maofisa wa elimu wa Kiingereza waliofuata, hawakuwa tayari kuviita vibanda hivyo shule. Walisema kinachofanyika humo ni kukariri: mtoto anaimba majibu, akionyeshwa neno lilelile mahali pengine halitambui. Waprotestanti nao walikuwa na hoja ya kujivunia. Wao walikuwa na Agano Jipya la Kiswahili tangu 1883 na Biblia nzima tangu 1891, na kwao kumfundisha mtu kusoma kulikuwa kumfungulia Maandiko. Wakatoliki walimpa kitabu chembamba cha maswali ambayo majibu yake yalikwisha kuandikwa. Siwezi kuikana lawama hii kwa jumla. Wako wengi waliotoka katika shule hizo wakiwa na sala zote kichwani na bila uwezo wa kusoma barua.

Hata hivyo, lawama hiyo inachukulia kwamba kukariri na kusoma ni maadui, jambo ambalo pwani yetu ilikwisha kulikanusha karne nyingi kabla ya tume yoyote. Mtoto wa chuo cha Kurani alianza kwa kuhifadhi sura ndipo akazioanisha na herufi, na wengi walioanzia hapo ndio waliokuja kuandika tenzi na barua kwa hati za Kiarabu. Anayejua maneno kwa moyo ana msaada mkubwa anapokutana nayo kwenye karatasi, kwa kuwa sikio linamwambia jicho litarajie nini. Kiswahili chenyewe kinasaidia, maana kila silabi hutamkwa kama ilivyoandikwa. Mtoto akishazoea ba, be, bi, bo, bu, na akishavuka vikwazo vya ng', mb na nd, kilichobaki ni mazoezi. Kasoro ya shule ya katekista ilikuwa nyingine: baada ya kitabu kile kimoja hapakuwa na cha pili. Aliyekimaliza alibaki akizunguka ndani ya kurasa zilezile, na msomaji wa kitabu kimoja, kiwe kizuri namna gani, baada ya muda huacha kukitazama na kukitamka tu.

Lakini shule hizo zilikuwa na jambo moja ambalo shule bora za baadaye hazikuwa nalo. Kigango kisichokuwa na padre kinahitaji msomaji kila Jumapili. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakamata wamisionari wa Kijerumani, na hatimaye wakafukuzwa nchini, sehemu nyingi za kusini zilikaa miaka kadhaa zikiwa na mapadre wachache mno au bila padre kabisa. Makatekista ndio walioendelea kukusanya watu, kusalisha, kufundisha watoto na kuzika wafu. Hawakulipwa, na hakuna mkaguzi aliyewatembelea. Aliyejua kusoma alikuwa na kazi iliyomsubiri katika jamii, watoto waliiona, na hilo liliwafundisha manufaa ya kusoma kwa namna ambayo ubao haukuweza.

Miaka ya 1920 mwelekeo uligeuka. Serikali ya Kiingereza ilitangaza mwaka 1925 sera ya kushirikiana na misheni, na sheria ya elimu ya 1927 ikafungua njia ya ruzuku kwa shule zilizosajiliwa, zenye walimu wenye vyeti na zinazokubali ukaguzi. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, alikutana na maaskofu Dar es Salaam na kuwahimiza wakubali ushirikiano huo kwa nguvu zote; pale ambapo hawawezi kubeba mizigo yote miwili, waache makanisa yasubiri ili shule ziwe bora. Ushauri huo ulizigawa shule mafungu mawili. Upande mmoja kulikuwa na shule zilizosajiliwa, zenye kuta za matofali, ramani na ripoti; upande wa pili vikabaki vibanda vya makatekista, ambavyo serikali haikuvihesabu. Katika shule za fungu la kwanza mwisho wa mwaka ulipata sura ambayo mpaka leo mtoto yeyote wa Tanzania anaijua: mtihani, majina kusomwa mbele ya shule nzima, nafasi ya kwanza mpaka ya mwisho, anayevuka na anayerudia darasa. Kilele kilikuwa mtihani wa darasa la nne, uliowachuja wachache waendelee na la tano na kuwaacha wengi warudi nyumbani moja kwa moja.

Ufundishaji uliboreka, na ni haki kulisema hilo bila kusitasita. Mwalimu aliyetoka chuo cha ualimu cha Peramiho alijua kugawa somo, kupima na kusahihisha kuliko katekista wa 1910. Ila vitabu vya darasa vilikuwa mali ya shule, na shule ikifungwa navyo vilifungiwa kabatini. Kwa walio wengi Desemba ya darasa la nne ndiyo iliyokuwa Desemba yao ya mwisho shuleni, na walitoka na ripoti. Kilichobaki mikononi mwao hakikutoka kwenye mtaala kabisa: kitabu cha sala, kitabu cha nyimbo, na gazeti lililofika kijijini likiwa limekunjwa mara nne. Kanisa lilikuwa na gazeti la Rafiki Yangu tangu 1910 mpaka vita vilipolizima. Mitambo ya Peramiho na Ndanda iliendelea kuchapa vitabu vya dini, na mwaka 1950 likaanza gazeti la Kiongozi huko Tabora. Serikali nayo ilikuwa na Mambo Leo kuanzia 1923. Ukitaka kujua nani aliendelea kusoma baada ya darasa la nne, usiulize alikuwa wa ngapi darasani. Uliza kama palikuwa na kwaya, katekista na mtu wa karibu anayepokea gazeti.

Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba usomaji huo ulikuwa wa kutii: sala, nyimbo, mashauri ya padre. Ni kweli kwamba waliochapa vitabu hivyo hawakukusudia kuzaa wapinzani wa serikali. Lakini herufi haina mlinzi. Aliyesoma Kiongozi alisoma pia Mambo Leo, ambalo lilikuwa na barua na mashairi ya wasomaji wenyewe, na aliyeweza kuandika barua kwa mhariri aliweza kuandika kumbukumbu za chama cha ushirika. Mimi naona lawama kali zaidi dhidi ya Wakatoliki ni nyingine, na wakosoaji wengi wameipita. Mpaka miaka ya 1960 Misa ilikuwa kwa Kilatini. Usiku wa Noeli, sherehe kubwa kuliko zote, mtoto aliyetumia mwaka mzima kujifunza kusoma Kiswahili hakuwa na chochote cha kusoma altareni. Alimwitikia padre kwa maneno aliyoyahifadhi bila kuyaelewa, akaimba, labda akaigiza mchungaji mbele ya pango. Shule ilimpa ujuzi, na Kanisa lililokuwa mita hamsini kutoka shuleni halikuutumia.

Ndiyo sababu nauona uamuzi wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, uliotolewa Desemba 1963, kuwa tukio kubwa katika historia ya kusoma huku kwetu, ingawa haukuzungumzia shule za Tanganyika hata kidogo. Ndani ya miaka michache masomo ya Misa yalikuwa kwa Kiswahili, na yalihitaji wasomaji walei. Kijana wa darasa la sita aliweza kupanda mimbarini, kusoma waraka wa Paulo na kuongoza zaburi ya kiitikizano mbele ya wazazi, mwalimu na wanakijiji wasiojua kusoma. Akikosea, kanisa zima lilisikia. Akisoma vizuri, bibi yake alisifiwa njiani. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki katika umoja wao wa AMECEA waliweka jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele, na Injili ikaanza kusomwa majumbani kila juma, kwa zamu, mara nyingi na wanawake ambao shule ilikuwa imewatoa mapema.

Mambo hayo yalitokea wakati shule zenyewe zinaondoka mikononi mwa Kanisa. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitaifisha shule zilizopata ruzuku, ikawa kengele moja kwa watoto wa dini zote, na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa 1977 ikajaza madarasa kupita kiasi. Basi, atasema msomaji, usitawi wa kusoma nchini ulitokana na serikali na kampeni ya kisomo cha watu wazima, si na zaburi. Nakubali kuhusu idadi. Lakini waandaaji wa kampeni hiyo walihofia jambo hilihili la Desemba: waliohitimu kisomo wangesahau wasipokuwa na cha kusoma. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya mikoani kama Elimu Haina Mwisho, lililoanza mwaka 1974. Mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba takribani asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika. Sensa ya 2002 ilikuta karibu asilimia 70. Vipimo viwili hivyo havilingani kikamilifu, na uchumi wa miaka ile uliumiza mengi kwa pamoja, lakini katika kipindi hichohicho magazeti ya vijijini yalikufa na maktaba nyingi zikabaki majengo tu. Mkatoliki alikuwa bado na mimbari, Mwislamu alikuwa na madrasa. Asiyekuwa na kimojawapo alibaki na vibao vya dukani na karatasi za kufungia sukari, na hilo ni pengo ambalo hoja yangu haiwezi kulifunika.

Tangu miaka ya 1990 Kanisa limerudi kujenga shule za msingi, nyingi zikiwa za Kiingereza na za kulipia, zenye masista wakali kuhusu usafi na mahafali yenye keki na majoho madogo. Watoto hufunga shule wakiwa na bunda la kazi za likizo, kwa Kiingereza, na mzazi anaweka sahihi kwamba zimefanyika. Ni hatua mbele, kwa maana hatimaye mtoto ametoka shuleni na karatasi zaidi ya ripoti. Walakini kazi hizo ni darasa lililohamishiwa sebuleni: swali, nafasi ya jibu, alama. Tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu hukabidhiwa Misa katika parokia nyingi, wakasoma masomo, wakaimba, wakatoa maombi. Huko wanasoma Kiswahili, lugha ambayo katika baadhi ya shule hizi wanakatazwa kuizungumza uwanjani. Walezi wao huanza kuwafanyisha mazoezi siku kadhaa kabla, wakirudia maneno magumu hadi yatoke vizuri, na wanaochaguliwa kusoma mara nyingi hutoka katika shule ya serikali iliyo jirani, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia na darasa moja huweza kuwa na watoto zaidi ya mia.